Raba za Vans hazikuanzia kwenye sketibodi

Wengi tumekua tukiamini kwamba Vans ilianzishwa ili kuwatengenezea viatu wachezaji wa sketibodi, ule ubao wa magurudumu. Sivyo. Paul Van Doren na wenzake walipofungua duka Anaheim, California, Machi 1966, walikuwa wakiuza raba za turubai kwa yeyote aliyeingia. Viatu vilitengenezwa hapohapo: wateja 12 wa siku ya kwanza waliagiza, wakarudi baadaye siku hiyohiyo kuchukua.

Vijana wa sketibodi walikuja wenyewe, miaka ya 1970. Walichokipenda ni soli: mpira mnene unaoshika ubao vizuri. Na kwa kuwa mguu mmoja husuguliwa kuliko mwingine, kiatu kimoja kiliisha mapema huku mwenzake angali mzima. Vans ikakubali kuwauzia kimoja kimoja. Kwangu mimi, urafiki ulianzia hapo, kabla ya tangazo lolote.

Mwaka 1976, wachezaji wa sketibodi Tony Alva na Stacy Peralta wakishiriki kukibuni, kikatoka kiatu chenye sponji kwenye ukingo wa juu, pale kinapogusana na kifundo. Hata kiatu cha Half Cab cha 1992 kilitoka mikononi mwa wachezaji. Kiatu cha awali cha Vans chenye jina la mchezaji Steve Caballero kilikuwa na shingo ndefu. Wachezaji wakaikata na kuzungushia utepe wa gundi ili ukingo usifumuke. Caballero alipoona hivyo, naye akakata chake. Kampuni ikaanza kukishona kikiwa kifupi tayari.