Chembe ya Weyl haikuhitaji handaki la kilomita 27

Imezoeleka kusema kwamba mawazo ya fizikia ya chembe hupimwa tu kwenye mitambo mikubwa kama ule wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wenye handaki la kilomita 27. Si kweli. Mwaka 1929 mwanahisabati Mjerumani Hermann Weyl aliandika mlinganyo wa chembe isiyo na tungamo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na China waliikuta tabia yake ndani ya fuwele ya tantalamu na aseniki, kipande cha milimita chache tu. Waliimulika kwa eksirei, elektroni zikachomoka, wakapima nishati zake na pembe zilikotokea, ili kujua jinsi zilivyokuwa zikienda ndani ya fuwele.

Ila tusizidishe chumvi, maana vichwa vya habari vilizidisha: hizo ni elektroni nyingi zinazoenda kwa pamoja kana kwamba hazina tungamo. Nje ya fuwele, hakuna aliyewahi kuinasa chembe ya Weyl ikiwa huru.