Usalama wa kisaikolojia kazini: maana yake, na bosi anaujenga vipi

Usalama wa kisaikolojia ni imani waliyonayo watu wa timu moja kwamba hapa kwetu mtu anaweza kusema "nimekosea", "sijaelewa" au "bosi, hapa tunapotea", na asiaibishwe wala kununiwa kwa sababu tu amesema. Jina lenyewe huwatisha wengine wakadhani ni habari za Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili Kampala. Siyo. Ni habari za kazi ya kila siku: taarifa mbaya inachukua muda gani kutoka kwa aliyeiona hadi kwa mwenye uwezo wa kuirekebisha, na ikifia njiani, inafia wapi.

Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kontena la mteja limeshushwa melini Mombasa na linakwenda Kampala. Kila kontena lina nambari yake, herufi nne na tarakimu saba, zimeandikwa kubwa mlangoni. Asubuhi karani kijana anapitia karatasi, analinganisha na picha ambayo dereva ametuma kwa simu, anaona palipotakiwa 61 pameandikwa 16. Karatasi hizo alizijaza bosi mwenyewe jana usiku.

"Bosi, samahani. Nambari ya kwenye karatasi naona haifanani na ya mlangoni."

"Wewe juzi tu ndiyo umeingia hapa. Unanifundisha kazi?"

"Hapana, bosi. Nisamehe."

Gari likifika mpakani litazuiwa. Dereva na tanboi watalala humo ndani, mwenye mali atapiga simu akifoka, marekebisho yataombwa, na baada ya siku moja mbili mambo yatakwisha. Hasara hiyo inahesabika. Isiyohesabika iko kwa makarani wengine waliokuwa wameinamia kompyuta zao wakijifanya hawasikii. Mwezi ujao mmoja wao ataona kosa kubwa kuliko hilo, thamani ya mzigo imekosewa labda, na atanyamaza. Ndiyo maana usalama huu huhesabiwa kuwa mali ya timu nzima, si tabia ya mtu mmoja. Chukua msema kweli hodari kuliko wote, umweke katika ofisi ile. Haitapita miezi mingi naye atakuwa ameinamia kompyuta yake.

Aliyeipa dhana hii umbo linalotumika leo ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1999. Kabla yake walikuwepo walioizungumzia, akina Edgar Schein na Warren Bennis mwaka 1965, kisha William Kahn mwaka 1990. Edmondson aliifikia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikatoka kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Alipochimba zaidi akaona kwamba huenda hawakuwa wakikosea kuliko wenzao, bali walikuwa wakiyasema makosa yao, wakati kwingine yalifunikwa kombe. Bosi anayejivunia kwamba idara yake haijawahi kuripoti kosa hata moja aisome aya hii mara mbili.

Baadaye Google nao, kuanzia mwaka 2012, walichunguza timu zao zipatazo 180 wakitafuta kwa nini nyingine zinafanya vizuri na nyingine zinasuasua. Walikuta kwamba nani yumo ndani ya timu kuna uzito mdogo kuliko namna watu hao wanavyofanya kazi pamoja, na usalama wa kisaikolojia ukaongoza orodha yao ya sababu.

Mfano mchungu zaidi unatoka kwenye ndege. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa: ukungu, msongamano wa ndege, mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini sikiliza kilichotokea ndani ya ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ambayo ilikuwa tayari imeanza kukimbia ili iruke. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine, ya shirika la Pan Am, imeshaondoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkato kwamba imeondoka. Hakuna aliyeuliza tena. Rubani huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha na kuwapima marubani wa 747 katika shirika lake, nani angembishia? Katika miaka iliyofuata, mashirika ya ndege yalianza kufundisha somo ambalo halikuwepo: mdogo ajue namna ya kumpinga mkubwa, na mkubwa ajue namna ya kupingwa.

Somo hilo lilifika hospitalini pia. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya mambo 19 kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo anataja jina lake na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, na vifo vya waliopasuliwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kutaja majina hakukufanya kazi hiyo peke yake. Orodha inakagua pia dawa za kuzuia maambukizi, vifaa, na kama mgonjwa aliye mezani ndiye mwenyewe. Ila muuguzi aliyekwisha sema jina lake mbele ya daktari bingwa hapati shida sana, saa moja baadaye, kusema kwamba hesabu ya pamba haijatimia.

Sasa, hapa Uganda utamsikia mtu akisema hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna heshima. Hoja hiyo isipuuzwe. Binti wa Buganda aliyelelewa kupiga magoti akimsalimia mkubwa hatasimama kikaoni amwambie meneja kwamba hesabu zake ni mbovu. Kiswahili chetu nacho kimepitia kambini, wengi walikiokota jeshini na polisi, na jibu la kwanza walilozoea humo ni "Ndiyo, afande." Ongeza uhaba wa ajira. Ongeza na zile biashara ambazo bosi ni mjomba wako aliyekulipia karo. Kumwambia mtu wa namna hiyo "uwe jasiri, sema ukweli" ni kumtwisha mzigo usio wake.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, semina nyingi za uongozi zinapopotea: zinawadai ujasiri walio chini. Mzigo ni wa aliye juu, na heshima hiyohiyo inaweza kumfaa. Kusema kukiwa ni agizo, anayesema anakuwa ametii, na anayenyamaza ndiye aliyekaidi. Jeshi la Marekani, ambalo halina mzaha na vyeo, limekuwa likifanya hivyo tangu miaka ya 1970: baada ya zoezi, wakubwa na wadogo hukaa pamoja wakajiuliza tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara nyingine tufanyeje. Cheo hakifutwi. Koplo anabaki koplo, ila katika kikao kile kutaja kasoro ni sehemu ya kazi yake.

Kwa hiyo bosi wa Malaba hahitaji kuwa rafiki wa karani. Anahitaji kumpa karatasi akisema: "Hizi nimejaza usiku nikiwa nimechoka. Nitafutie kosa kabla hazijaondoka." Karani akirudi na kusema hajaona kitu, anarudishwa: "Angalia tena nambari na uzito." Akirudi na kosa, dakika inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu. "Wapi? Nionyeshe. Sawa, asante. Piga simu Mombasa sasa hivi." Basi. Hotuba haitakiwi, wala makofi. Wafanyakazi hawasomi sera iliyobandikwa ukutani, wanausoma uso wa bosi, na ukikunja ndita kwanza ndipo ukashukuru, watakachokumbuka ni zile ndita.

Yapo mambo yanayofanana na usalama huu na siyo wenyewe. "Kuna swali?" mwisho wa kikao, watu wameshashika mikoba, halileti kitu. Ujumbe wa bosi kwenye kundi la WhatsApp ukijibiwa na dole gumba ishirini, hujajua lolote. Na lile sanduku la maoni lenye kufuli, ambalo ufunguo wake uko kwa huyohuyo anayelalamikiwa, mimi nimeliona katika ofisi zaidi ya moja na sijamwona mtu akilisogelea.

Ukitaka kupima, Edmondson alitumia sentensi saba ambazo kila mtu wa timu anasema anakubaliana nazo kiasi gani. Kwa maneno yangu, baadhi ni hizi: ukikosea hapa, kosa lako hukuandama, hapa watu huweza kuleta matatizo na mambo magumu, ni vigumu kuomba msaada kwa wenzako. Majibu yakusanywe bila majina, na asiyakusanye bosi.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba usalama huu ni upole. Timu ambayo kila mtu anasema atakalo na hakuna anayeulizwa kazi imefika wapi ni kijiwe cha kahawa. Edmondson mwenyewe anaviweka vitu viwili bega kwa bega, uhuru wa kusema na kiwango cha kazi kinachodaiwa, na anataka vyote viwe juu. Kinacholindwa ni kule kusema. Karani aliyegeuza tarakimu mbili kwa uchovu atasaidiwa. Aliyezigeuza mara nne baada ya kuonyeshwa atatafutiwa kazi nyingine. Aliyezigeuza kwa sababu amepokea bahasha hayumo katika mjadala huu.

Habari ya bahasha ina njia yake. Sheria ya Uganda ya kuwalinda watoa taarifa, ya mwaka 2010, inamkinga mtu anayefichua uovu kwa mamlaka kama Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na inampa asilimia tano ya fedha zitakazorejeshwa kutokana na taarifa yake. Ni sheria ya siku ambayo aliye ndani ndiye mwizi. Haimsaidii mhasibu mdogo anayetaka tu kusema kwamba bajeti ya robo hii haitatosha, na huyo ndiye tunayekutana naye kila Jumatatu.

Kiongozi mpya aliyerithi ofisi iliyokwisha nyamazishwa asitegemee kwamba kikao kimoja kitaifungua. Watu wanasubiri kuona. Aanze na mmoja mmoja, nje ya ofisi, akiuliza jambo dogo lenye jibu: zamu ya usiku inaanza saa ngapi na ingefaa ianze saa ngapi, fomu ipi inawachelewesha. Kati ya atakayoambiwa achague moja analoweza kulirekebisha wiki hiyohiyo, alirekebishe waone. Na jina la aliyelileta asilitaje hadharani mpaka mwenyewe awe radhi, kwa maana wapo wanaochukia kusifiwa mbele ya wenzao kuliko wanavyochukia kukaripiwa.