Viatu vya watoto ndani ya ngome ya Vindolanda

Taja ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, na wengi watawaona askari wa Roma wakilinda zamu juu ya Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa dola yao, wanaume peke yao, wakipigwa na baridi. Vindolanda inatueleza mengine.

Ngome hiyo haikuzaliwa na ukuta. Ya kwanza, ya mbao, ilijengwa takriban mwaka 85; ukuta ulianza mwaka 122. Wala askari wake hawakutoka Roma: Watungri walitoka inakoitwa leo Ubelgiji, Wabatavi Uholanzi.

Wengine hudhani kikosi kizima kilikuwa ngomeni muda wote. Hesabu moja ya Watungri inaonyesha watu 752, na 456 kati yao walikuwa kwingine kikazi. Waliobaki ni 296, na 31 hawakuwa wazima. Kumi waliumwa macho.

Dhana ninayotamani ife kabisa ni kwamba wanawake na watoto waliishia langoni, kwenye kitongoji cha raia chenye nyumba na maduka, na ndani wakabaki wanaume tu. Ni kweli askari wa kawaida alikatazwa kuoa kisheria hadi enzi ya kaisari Septimius Severus. Lakini watu walipendana, wakazaa. Udongo wa pale, uliolowa na kukosa hewa, umetunza maelfu ya viatu vya ngozi. Vimo vya wanawake, na vimo vya watoto wadogo, na vingine vimefukuliwa ndani ya ngome yenyewe.

Udongo huohuo ulitunza barua. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji walipata vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja, cha mnamo mwaka 100, ni mwaliko. Claudia Severa, mke wa kamanda wa ngome nyingine, anamwomba Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa Vindolanda, Flavius Cerialis, aje kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, Septemba 11. Anataja salamu za mumewe na za mwanawe mdogo. Sehemu kubwa imeandikwa na karani kwa mkono ulionyooka. Chini, upande wa kulia, mwandiko unabadilika: Severa ameshika kalamu mwenyewe, na anamwambia mwenzake kwamba atamngojea, akimwita dada. Mistari hiyo michache ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa kwa mkono wa mwanamke.