Kutoka Kenya kuhamia Tanzania: yanayodhaniwa na yalivyo

Mkenya anayehamia Arusha, Mwanza au Dar es Salaam huondoka kwao akiwa na utulivu ambao asingekuwa nao kama angekuwa anakwenda mbali zaidi. Lugha anaijua, fedha za huko nazo huitwa shilingi, magari hupita kushoto kama kwao, na M-Pesa ataikuta. Naamini utulivu huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu humfanya mtu asiulize mambo ambayo angepaswa kuyauliza kabla ya kuvuka mpaka wa Namanga, Holili au Horohoro, na majibu yake huja kumfikia wakati kodi ya nyumba imekwisha kulipwa na mkataba wa kazi umekwisha kutiwa saini.

Dhana iliyoenea kuliko zote, na iliyowagharimu watu wengi, ni kwamba raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kufanya kazi popote ndani ya Jumuiya bila kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilirahisisha safari na ukaaji, lakini haikufuta vibali vya kazi vya nchi wanachama. Mkenya huingia Tanzania bila viza na anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita akiwa mgeni, ila ruhusa hiyo haimpi haki ya kuajiriwa. Anayeajiriwa Tanzania Bara anahitaji nyaraka mbili zinazotoka katika mamlaka mbili: kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wasio raia, na kibali cha ukaazi, ambacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji na kwa mwajiriwa huwa cha daraja B. Kimoja hakitoshi bila kingine. Kwa Zanzibar, uhamiaji ni suala la Muungano, yaani husimamiwa kwa pamoja na Bara, lakini kazi si ya Muungano, kwa hiyo kibali cha kazi huombwa huko huko visiwani. Mwajiri anayemwambia mgeni aanze kazi huku vibali vikiendelea kushughulikiwa anamtwisha hatari ambayo ni ya mgeni kuliko ya mwajiri, na ushauri wangu ni kukataa kwa heshima hadi vibali vitoke.

Wapo pia wanaofika mpakani na kitambulisho cha taifa pekee, wakiamini kwamba kinatosha kwa sababu kiliwafikisha Kampala au Kigali. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho hivyo tangu 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria, ni lazima.

Dhana ya kwamba biashara ndogo haina masharti imekuwa hatari zaidi tangu Julai 2025, Serikali ya Tanzania ilipotoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ndani yake umo uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, uongozaji wa watalii, na biashara ya rejareja na jumla isipokuwa supamaketi na baadhi ya maduka maalumu ya jumla. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa hadi miezi sita, na kufutiwa kibali cha ukaazi. Baadhi ya wageni hudhani njia ya kukwepa ni kuandikisha duka kwa jina la rafiki Mtanzania, ilhali amri hiyo inamwadhibu pia raia anayesaidia. Ardhi nayo ina mpaka wake: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha kujengea nyumba ya kuishi, hata kiwe cha bei nafuu namna gani, si chake kukinunua.

Katika makazi, aliyezoea kulipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana hushangaa mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kwa mkupuo, huku dalali akisubiri kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake. Huo ndio utaratibu wa kawaida mijini, na akiba ya kuhamia ipangwe kwa kuuzingatia. Baada ya kupata nyumba, ni vyema mgeni ajitambulishe kwa mjumbe, yaani kiongozi wa nyumba chache za jirani, na katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa barua ya utambulisho inayotoka huko huhitajika mara kwa mara katika shughuli nyingine. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole.

Kuhusu lugha, Kiswahili cha Nairobi kinaeleweka, lakini kueleweka hakutoshi dukani wala ofisini. Anayeingia na kutaja haja yake moja kwa moja, bila salamu kwanza, huonekana mkali hata kama hakukusudia. Mkubwa huamkiwa kwa shikamoo, kitu huombwa, na haraka huwekwa kando kidogo.

Wazazi wanapaswa kufikiria lugha kwa makini zaidi. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, wakati mtoto aliyesoma Kenya amezoea kuyasoma hayo kwa Kiingereza na kukiona Kiswahili kuwa somo mojawapo tu. Mtoto huyo anaweza kuzungumza vizuri uwanjani na bado akashindwa kufuata somo la sehemu na desimali, si kwa sababu hajui hesabu, bali kwa sababu istilahi zake ni mpya kwake. Mzazi na azungumze na mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza, aombe vitabu vya darasa husika mapema, na apitie istilahi hizo pamoja na mwanawe nyumbani.