Haihan-chiken: kufutwa kwa himaya za makabaila nchini Japani

Haihan-chiken ni neno la Kijapani lenye vipande vinne: hai ni kufuta, han ni himaya ya kabaila, chi ni kuweka, na ken ni mkoa. Ndilo jina la amri iliyotolewa tarehe 29 Agosti 1871, na kwa maoni yangu amri hiyo iliijenga dola ya Japani kuliko hata mapinduzi ya Meiji ya 1868, yaliyomrudishia Kaizari madaraka na ambayo ndiyo hutajwa zaidi.

Katika mapinduzi hayo ukoo wa Tokugawa, uliotawala tangu 1603, uling'olewa, lakini himaya zipatazo 260 zilibaki mikononi mwa mabwana walioitwa daimyo. Kila daimyo alikuwa na ngome yake, askari wake, kodi yake ya mpunga, na mara nyingi hata noti zake za karatasi. Mwaka 1869 mabwana hao walimkabidhi Kaizari ardhi na watu wao kwa hati, kisha wakarudishwa palepale wakiwa magavana, hivyo mkulima hakuona badiliko lolote.

Ndipo viongozi wa serikali mpya, Kido Takayoshi wa himaya ya Choshu, pamoja na Okubo Toshimichi na Saigo Takamori wa himaya ya Satsuma, walipokusanya askari wapatao 10,000 mjini Tokyo, wakawaita magavana waliokuwapo mjini na kuwasomea amri bila kuwataka shauri. Himaya zikageuzwa mikoa zaidi ya 300, ambayo kabla ya mwaka kwisha iliunganishwa ikabaki 72, mbali na miji mikuu mitatu ya Tokyo, Kyoto na Osaka.

Mtu atauliza kwa nini mabwana hao hawakupigana. Wengi wao walikuwa wamezama katika madeni, na serikali iliyabeba madeni hayo pamoja na posho za samurai wao, yaani wapiganaji waliowatumikia, huku ikiwaachia mabwana sehemu ya kumi ya mapato ya himaya zao za zamani. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba Shimazu Hisamitsu, aliyekuwa na kauli ya mwisho huko Satsuma, alipopata habari alirusha fataki usiku kucha kwa hasira.

Kwa kuwa sasa hapakuwa na bwana kati ya mkulima na serikali, mwaka 1873 iliwezekana kuanzisha jeshi la lazima na kodi ya ardhi ya asilimia 3 ya thamani ya shamba. Kodi hiyo ililipwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo ilimbidi mkulima auze mavuno kwanza, na bei ya mchele ikianguka, hasara ilikuwa yake. Samurai nao, mwaka 1876, walibadilishiwa posho zao kuwa hati za dhamana zenye riba ndogo. Mwaka uliofuata maelfu yao waliasi huko Satsuma, na aliyewaongoza hadi kufa kwake ni Saigo yuleyule.