Benki Kubwa Kwenye Meza ya Lugha ya Java

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, gunia la dagaa halipandi lori kabla ya kupita kwenye mizani, na mizani yenyewe lazima iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Muuzaji aliyevuka kutoka Ukerewe na mnunuzi aliyeshuka kwenye basi asubuhi hawajuani hata kwa jina, lakini kilo ni kilo kwa wote wawili. Kila mwaka wanafunzi wangu wapya wa programu nawaanzishia hapo, kisha nawauliza: kwenye lugha ya kompyuta, kilo anaipanga nani? Wengi hujibu kwamba ni kampuni iliyoitengeneza lugha. Hiyo ni nusu ya jibu.

Chukua Java, lugha inayoendesha mifumo mingi ya kibenki duniani. Ilitoka mwaka 1995 mikononi mwa Sun Microsystems, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Hata hivyo, tangu 1998 mabadiliko yake yanapitia utaratibu uitwao Java Community Process, wenye kamati tendaji inayopiga kura. Mwaka 2011 benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs ya New York iliingia kwenye kamati hiyo. Haikuingia peke yake: mwaka huohuo waliingia pia SouJava, kikundi cha watumiaji wa Java wa Brazil, na wenzao wa London.

Benki haiuzi lugha za kompyuta, sasa inatafuta nini pale? Inalinda kazi yake. Programu ya benki huishi kuliko ajira ya aliyeiandika; mwenyewe ameshastaafu, programu bado inahesabu riba kila usiku. Lugha ikibadilishwa kienyeji, msimbo, yaani maandishi ya programu, uliokubali jana leo unagoma, na wa kuulizwa hayupo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalopenda kulieleza taratibu. Tuseme una orodha ya mawakala wa fedha wa mkoa mzima, unataka wale tu wenye salio linalozidi shilingi milioni 1. Sharti lako ni la mstari mmoja. Lakini kwenye Java ya zamani, ukitaka kuipa orodha sharti hilo ikuchujie, ulilazimika kulifungia ndani ya darasa zima (class, yaani fungu kamili la msimbo), mistari mitano au zaidi, kama kufunga dagaa mmoja kwenye gunia. Goldman Sachs walikuwa na maktaba yao ya ndani, yaani mkusanyo wa msimbo ulio tayari kutumika, ya kushughulikia orodha za namna hii, na mwaka 2012 waliitoa bure kwa jina la GS Collections. Maktaba ilikuwa nzuri, ila uzito wa kuandika masharti ulibaki, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye lugha yenyewe. Wataalamu wa benki hiyo wakakaa kwenye kikundi cha JSR 335, pendekezo rasmi la kubadilisha Java, kilichoandaa lambda, yaani njia ya kuandika sharti kwa mstari wake uleule mmoja. Machi 2014 ikatoka Java 8, na lambda ikiwemo. Mwanafunzi wangu anayeitumia leo anakula matunda ya mjadala ule.

Mwaka 2015 maktaba hiyo ilihamishiwa Eclipse Foundation, taasisi inayosimamia programu huria, ikaitwa Eclipse Collections. Kisha Java 15, ya 2020, ikaongeza swali dogo kwenye aina ya jumla ya maandishi, kwa jina isEmpty: je, ni matupu? Maktaba hiyo tayari ilikuwa na swali la jina hilohilo kwa upande wa orodha, yakagongana, na sehemu yake ikakataa kujengwa hadi iliporekebishwa. Neno moja tu!

Mimi naona ni haki mtumiaji mkubwa kusikilizwa. Ila mwenye meli na mwenye mtumbwi hawaombi gati la aina moja, kwa hiyo wa mtumbwi naye awepo kikaoni. Na mlango uko wazi: mtu binafsi anaweza kujiunga na utaratibu wa Java bila ada, na vikundi vya watumiaji vilevile. Kwa lugha zenye viwango vya ISO, kama C++ na COBOL, njia ni kupitia shirika la viwango la nchi. Kwetu ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kijana wa Nyegezi au Ilemela asisubiri kuajiriwa na benki. Java mpya hutoka kila Machi na Septemba, na nakala ya majaribio hutangulia miezi kadhaa, bure. Ipakue, iendeshee programu yako, hata kama ni ile ya kutunza hesabu za duka la mama. Ikigoma, andika toleo, mstari uliogoma na ujumbe uliotokea, kisha watumie wahandisi wa Java kabla toleo halijafungwa.