Ridhaa ya serikali si ruhusa ya kuwanyima raia chakula

Wengi huamini kwamba serikali inayopigana na waasi inaweza kuzuia chakula na dawa ipendavyo, kwa kuwa nchi ni yake. Imani hiyo ina chembe tu ya ukweli. Itifaki ya Pili ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inayohusu vita vya ndani, inataka kweli serikali iridhie misaada. Lakini itifaki hiyohiyo inakataza kuwatesa raia kwa njaa kama mbinu ya vita, na wanasheria wengi wanashikilia kwamba ridhaa hainyimwi kiholela.

Uzuiaji wenyewe, tena, ni nadra kuja kama amri ya wazi. Kibali huchelewa, muhuri hukosekana. Machi 2018, msafara wa malori kuelekea Ghouta Mashariki, eneo la waasi lililozingirwa na serikali karibu na Damascus, nchini Syria, uliruhusiwa kupita baada ya maofisa wa usalama kukataa takriban asilimia 70 ya shehena ya dawa, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, vikiwemo vifaa vya upasuaji na insulini, dawa ya kisukari. Insulini, jambo la kushangaza, haimponyi risasi mpiganaji yeyote.

Miaka minne kabla yake, kwa azimio namba 2165, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisharuhusu misafara ya misaada kuingia Syria kupitia vivuko vinne vya mpakani kwa kuiarifu tu serikali ya Damascus, bila kungoja ridhaa yake.